Nimechagua Meli ya Kiangazi

Jumapili, 15 Machi. Mbuba, Ngara, nyumbani kwa mama.

Mvua imeanza kabla ya misa ya kwanza na haijakata. Bati linapiga kelele kiasi kwamba ukitaka kusema na mtu lazima umsogelee. Mama amejilaza baada ya chakula cha mchana. Nimekaa barazani na simu, chaji inatosha, naandika. Hali yangu ni ya kawaida. Sina furaha ya kuruka wala huzuni ya kulia. Nina jambo moja tu la kuweka hapa: wiki hii nimechagua meli.

Mimi si mtu wa meli. Nimepanda kivuko mara nne maishani, na mara zote nilishuka nikiwa nimekumbatia mkoba kwa mikono miwili. Nafundisha Jiografia sekondari wilayani Biharamulo, huu mwaka wa ishirini na sita. Kila mwaka nachora ubaoni bonde lililochongwa na barafu, lenye umbo la herufi U, halafu nachora bahari ikiingia ndani yake. Nawaambia wanafunzi kwamba pwani za namna hii ziko Norway. Wananakili. Mimi nafuta ubao. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuona barafu kubwa kuliko ile ya kwenye friji la duka la soda.

Kaka yangu ameiona. Anaishi huko.

Anaitwa Deogratias, ananizidi miaka sita. Miaka ya tisini, wakimbizi walipofurika Ngara, alikuwa dereva wa gari la maji kambini. Huko akakutana na Ingrid, muuguzi, msichana mrefu aliyekuwa anakula ugali kwa mikono yote miwili mpaka mama alipomfundisha. Wakaoana hapa Mbuba, kambi zilipofungwa wakaenda kwao. Mwanzoni Deo alikuwa anakuja kila baada ya miaka miwili. Kisha mitatu. Kisha baba akafa, na Deo hakuja kumzika.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Tulimsubiri siku mbili, maiti ikiwa ndani. Siku ya tatu ukaja ujumbe mfupi: nimekwama, zikeni. Kwetu mtoto wa kiume ndiye hutangulia kutupa udongo. Baba mdogo akaniangalia, akasema, "Tupa wewe, Konsolata. Aliyestahili hayupo." Nikatupa. Tangu siku hiyo mimi na kaka yangu tumekuwa tukisemezana kama majirani wanaogawana mpaka wa shamba. Habari za mvua, habari za mama, habari za watoto. Sikuwahi kumuuliza alikwama wapi. Naye hakusema.

Sasa mwezi uliopita akanitumia sauti kwenye simu. Alisema anataka twende safari ya meli, yeye na mimi na Ingrid, kupanda pwani ya Norway hadi kaskazini kabisa, kule ambako milima haina watu na bahari inaingia katikati yake. Alisema, "Nimekutumia vijitabu vitatu. Chagua wewe. Utakayosema ndiyo hiyo hiyo."

Nakiri kwamba sikufurahi. Niliwaza: analipa. Ameshindwa kuleta mwili wake kwenye kaburi la baba, sasa analeta meli.

Lakini nilivisoma vile vijitabu. Na hilo pia nakiri.

Ya kwanza ilikuwa meli kubwa kama mtaa, yenye ghorofa nyingi, mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa maigizo na watu elfu kadhaa. Inakaa mbali na nchi kavu kwa sababu ya ukubwa wake, inaingia kwenye bandari mbili tatu tu. Ya pili ni ndogo, inavuka kabisa hadi kwenye visiwa vya barafu ambako kuna dubu weupe. Abiria wanashushwa kwa mitumbwi ya mpira, wanavalishwa maboya, wanarukia kwenye mawe. Ya tatu ni meli ya kazi. Inabeba mizigo na abiria wa kawaida, inapita karibu na ukingo, inasimama kwenye vijiji ambavyo havina barabara. Watalii wanapewa vyumba humo humo, lakini meli haimsubiri mtu. Ikishusha makreti ya samaki inaondoka.

Mume wangu Masanja alivisoma pia, vyote vitatu, kwenye simu yangu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Ni Msukuma wa Shinyanga, wazazi wake walihamia Nemba na ng'ombe wao akiwa mtoto. Alifundisha Hisabati mpaka akastaafu, sasa yuko na ng'ombe na mahindi. Habari ya kwenda hakutaka kuisikia. "Ng'ombe hawaelewi likizo," alisema.

"Haya, Baba Neema, wewe ungekuwa ndiye unakwenda, ungepanda ipi?"

"Hiyo yenye mizigo."

"Kwa nini?"

"Meli yenye kazi ya kufanya haiwezi kukuzungusha bure."

Sikuona hoja ya kupinga. Meli kubwa niliiondoa kwa sababu sijatoka Biharamulo kwenda kuangalia maigizo. Ile ya dubu niliibakiza kwa siku mbili, nikiangalia picha za barafu iliyosimama kama ukuta, kisha nikaiondoa pia. Sikujiona nikiruka kutoka kwenye mpira kwenda kwenye jiwe, na magoti yangu haya. Ikabaki ya mizigo.

Kilichobaki ilikuwa msimu. Meli hiyo inakwenda mwaka mzima. Kiangazi chao ni Juni na Julai, sawa na chetu, na kule juu jua halizami kabisa. Majira ya baridi ni kinyume: jua halichomozi, giza mchana kutwa, lakini ndipo zinapoonekana zile taa za kijani zinazocheza angani. Hizo taa nimezitaka tangu nikiwa chuo cha ualimu. Sijui kwa nini. Mtu hupewa kitu kimoja cha kutamani na hapewi sababu.

Nikamwambia Deo nataka ya baridi.

Akanijibu kwa sauti, fupi: "Mdogo wangu, chukua kiangazi. Kiangazi ni kizuri."

Basi. Hakutoa maelezo. Utakayosema ndiyo hiyo hiyo, halafu nikisema, siyo hiyo. Hasira ilinipanda kwa namna ambayo haikulingana na jambo lenyewe. Nikaandika, kwa herufi, siyo kwa sauti: Umesema nichague. Nimechagua baridi. Kama hutaki niache nibaki na kazi zangu.

Siku mbili kimya. Kisha: "Sawa. Baridi. Nimekubali."

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilisikiliza ile sauti mara tatu. Deo hakubali. Sisemi kwa kumtukana, ndivyo alivyoumbwa. Akiwa kijana alitembea kutoka Nyakisasa na nusu gunia la maharage kichwani, mvua inanyesha, kwa sababu alikuwa amebishana na baba kwamba lori litapita na lori halikupita. Alipofika shingo imekakamaa alisema lori lilipita ila yeye alipenda kutembea. Mtu huyo ndiye ananiambia sawa, baridi, nimekubali.

Jumatano, baada ya vipindi, nilimpigia simu ya video ili tupange tarehe. Nilikuwa kwenye ofisi ya walimu, peke yangu, madaftari ya kidato cha pili mbele yangu. Deo alikuwa mezani jikoni kwake, amenona kidogo, mvi zimejaa. Tukaongea. Alikuwa ananiangalia moja kwa moja bila kupepesa, nikadhani ni heshima. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta kikombe cha chai. Kikombe kilikuwa pale pale, nakiona mimi niliye Biharamulo. Mkono wake ukapita pembeni. Ukarudi. Ukapita tena.

Ndipo mkono mwingine ukaingia kwenye picha kutoka kando, mkono mweupe wenye saa, ukauchukua mkono wake taratibu na kuuweka kwenye sikio la kikombe. Ukatoka.

Deo aliendelea kuongea. Hakukatisha sentensi. Walikuwa wameshazoea.

Nilimaliza mazungumzo, nikasahihisha madaftari yote, nikaenda nyumbani. Njiani nilikuwa napanga vitu kwa mfuatano, kama ninavyowafundisha wanafunzi kusoma ramani. Mwaka mzima haandiki, anatuma sauti. Mwaka jana Ingrid alisema Deo ameacha kuendesha gari, "amechoka na barabara." Dereva wa tangu ujana. Na vijitabu: kila nilipotaja picha fulani, alisema "ndiyo, ndiyo, nzuri," bila kutaja hata moja mwenyewe.

Alhamisi nilimpigia Ingrid saa ya mapumziko yake ya kazi. Bado ni muuguzi. Kiswahili chake alikipata kambini na hajakibadilisha tangu hapo.

"Wifi, mbona unapiga sasa hivi? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka kukuuliza juu ya macho ya Deo."

Nikasikia vyombo vya kantini.

"Konso, mimi niliahidi sitasema. Mtu akiahidi, si ameahidi?"

"Ameahidi."

"Basi wewe uliza. Kama ni uongo, mimi nitakataa. Kama ni kweli, mimi nitanyamaza tu."

Nikauliza kama ni presha ya macho. Akanyamaza. Nikauliza kama upande wa kushoto haoni kabisa. Akanyamaza. Nikauliza kama na kulia vile vile.

"Kulia bado kidogo," alisema, kisha akashtuka. "Ona sasa, umenifanya nimesema."

Nikauliza kama mwanga ukipungua anaona chochote. Hapo kimya kilikuwa kirefu mpaka nikaangalia simu kama haijakatika. Nikauliza kama atapona, na hilo alilijibu mara moja. "Hapana. Hilo hapana. Dawa inafanya iende polepole. Kurudi hairudi."

"Na safari ya baridi, anajua kwamba hataona kitu? Giza tupu siku zote zile?"

Kimya.

"Na amekubali hivyo hivyo."

Kimya.

"Alikuambia nini?"

Swali hilo halikuwa la kunyamazia. Ingrid alipumua. "Alisema, Konso ataziona zile taa, halafu atanisimulia kwa Kihangaza cha nyumbani. Alisema kwa Kinorway hazitakuwa sawa."

Nilimshukuru. Niliingia darasani dakika mbili baadaye na kufundisha mvua za tropiki.

Usiku ule nililala vizuri, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikujigeuza kitandani. Lakini nilipoamka Ijumaa meli ilikuwa imebadilika yenyewe kichwani mwangu, nikafanya kazi iliyobaki. Kiangazi, wakati jua haliondoki. Mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Meli ile ile ya mizigo, kwa sababu inapita karibu na nchi na mtu hahitaji jicho la kuona mbali. Isingekuwa ile ya dubu kwa vyovyote. Mtu asiyeona pembeni ukimweka kwenye mtumbwi wa mpira unamtafutia kifo. Wala ile kubwa, yenye ngazi na umati.

Kisha nikaona kitu ambacho hakikuwa kwenye kijitabu. Meli hiyo unaweza kuipanda kutoka kusini kwenda kaskazini, au kutoka kaskazini kushuka kusini. Nilikwenda kwenye ramani kubwa ya ukutani katika chumba cha Jiografia, ile iliyochanika kwenye bahari ya Hindi, nikasimama mbele ya Norway. Meli ikipanda kaskazini, nchi yote inakuwa kulia. Milima, maporomoko, vijiji, yote kulia. Kushoto ni maji tu.

Na jicho la kulia bado kidogo.

Kwa hiyo: kwenda kaskazini, chumba cha upande wa kulia chenye dirisha. Na tukisimama nje, mimi nitasimama kushoto kwake, upande ambao hakuna cha kuona.

Nilimweleza Masanja yote hayo jioni, akiwa anafunga ndama. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Hesabu yako imekaa sawa. Ila umeshaenda kwa mama?"

Sikuwa nimeenda. Sikuwa hata nimefikiria. Jana asubuhi nikapanda gari la abiria, nikashuka njia panda, nikamalizia kwa bodaboda, matope mpaka kwenye magoti.

Mama ana umri ambao hatuujui vizuri. Alizaliwa mwaka wa njaa, ndivyo anavyosema, na njaa zilikuwa nyingi. Kiswahili anakielewa lakini anapenda Kihangaza, na Kiswahili chake kina r mahali pa l yetu. Meli kwake ni meri. Alikuwa anachambua maharage. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikaanza kuchambua naye, nikamwambia habari ya macho ya mwanaye kama mtu anavyosoma taarifa.

Hakuacha kuchambua. Aliuliza kama inauma. Nikamwambia haiumi. Akauliza kama Ingrid amemchoka. Nikamwambia hapana, nikamwambia habari ya kikombe. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Uso wa mtu anauona?"

"Akitazama mbele, kukiwa na mwanga, anauona."

"Basi aje anitazame mbele, mchana."

Nikamwelezea safari. Milima, jua lisilozama, meli ya mizigo, upande wa kulia. Nadhani nilitaka asifu hesabu yangu pia. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza mabwana shamba. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kwa Kiswahili, ingawa hakuyasema kwa Kiswahili:

"Macho yaliyobaki ni kidogo. Wewe unataka akayamalizie kwenye mawe ya watu. Hayo mawe yana mama? Aje hapa kwanza. Anione, aione nyumba, alione kaburi la baba yake. Kitakachobaki, akapeleke kwenye meri."

Nilikuwa nimeshika punje ya harage mkononi. Ilikuwa imetobolewa na mdudu. Niliitupa.

Miaka tisa nimekuwa nasema kwamba Deo ndiye aliyesahau njia ya nyumbani. Nimepanga safari nzima, msimu, upande wa meli, dirisha, na mimi pia sikuikumbuka hiyo njia.

Leo baada ya uji nilimpigia. Mama hakuenda misa kwa sababu ya mvua. Alikaa karibu nami, kichwa kwenye bega langu, ili asikie.

Nilimwambia, "Kaka, nimebadilisha. Tunachukua ya kiangazi."

"Kwa nini? Si ulitaka zile taa?"

"Najua juu ya macho yako."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilifikiri hakusikia.

"Ingrid amesema," akasema hatimaye.

"Ingrid hakusema. Ingrid alinyamaza."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Mama akakitambua, akanibana mkono.

Nikamuuliza. Sikuwa nimepanga kuuliza leo, lakini swali lilikuwa limekaa miaka tisa mlangoni na mlango ulikuwa wazi. Nikasema, "Ndiyo sababu hukuja kumzika baba? Macho?"

Angeweza kusema ndiyo. Ningemwamini. Nilikuwa nimempa sababu nzuri kuliko zote alizoweza kutunga mwenyewe, na mama yuko hapo anasikia.

"Hapana," alisema. "Mwaka ule nilikuwa naona vizuri kabisa."

Kisha akasimulia. Alikuwa na tiketi. Ingrid alimsindikiza hadi uwanja wa ndege, akamuaga, akarudi kazini. Deo akakaa kwenye benchi karibu na mlango wa kupandia ndege. Wakaitwa, watu wakapanga mstari, mstari ukaisha. Wakaita jina lake kwenye kipaza sauti mara mbili. Alisikia. Aliiona ndege ikirudi nyuma, ikigeuka, ikiondoka. Alikaa pale mpaka jioni.

"Niliogopa, Konso. Hakuna kingine. Nilijiambia nisipomwona amekufa, basi bado yuko shambani. Nikawaandikia nimekwama. Sikuwa nimekwama. Nilikuwa nimekaa."

Nilitegemea hasira. Ipo. Ila nimeikuta kama maji ya kisima wakati wa kiangazi: yapo, lakini kamba lazima uishushe mbali, na ndoo inarudi na kidogo. Nilimwambia, "Mimi ndiye niliyetupa udongo." Akasema anajua. Nikamwambia hajui. Akasema, "Kweli. Sijui." Hilo lilinitosha kwa leo. Sijui kama litanitosha kesho.

Mama akaninyang'anya simu. Akaongea kwa sauti ya juu, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Hakumkaripia. Hakutaja mazishi hata kidogo. Alimwambia ana meno mawili mbele, aje ayaone kabla hayajaanguka. Alimwambia njia ya kwenda kaburini amelima, haina visiki, hata mtu asiyeona pembeni atapita. Nikamgeukia. Jana tu ndipo nilipomwambia, na tangu hapo hajashika jembe, na leo mvua haijakata. Njia hiyo hajailima. Atailima, basi. Au nitailima mimi.

Deo alikuwa analia, nilimsikia. Alisema "ndiyo mama" mara nyingi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Saa moja baadaye ukaja ujumbe wa Ingrid, wa maandishi. Wanakuja mwezi wa tano, mvua zikipungua, wiki mbili. Amesema atamshika mkono yeye mwenyewe mpaka kwenye kiti cha ndege na kumfunga mkanda. Chini yake akaandika kwamba ameshawaandikia watu wa meli, kama nilivyomwagiza Deo: mwishoni mwa Juni, kwenda kaskazini, vyumba viwili vya upande wa kulia, dirisha kubwa.

Kwa hiyo nimechagua. Nimeandika kwenye karatasi vitu vya kufanya wiki hii: kwenda uhamiaji kuulizia pasi ya kusafiria, barua kwa mkuu wa shule, kupita kwa Mama Zuhura anayeuza mitumba mjini, nimwambie anitafutie koti zito. Amezaliwa Biharamulo lakini kwao ni watu wa Tanga, na baridi yoyote kwake ni janga, kwa hiyo makoti anayajua. Zile taa za kijani sitaziona. Nimejaribu kuona kama hilo linaniuma. Linauma kidogo, kama kiatu kipya. Nitatembea nalo.

Mama ameamka sasa hivi. Amekuja akasimama mlangoni, kanga imemteleza begani, akaniuliza swali ambalo bila shaka amelala nalo.

"Huko kwenye meri, jua halizami kabisa?"

"Halizami, mama. Hata saa sita usiku."

"Sasa watu wanalala vipi?"

"Vyumbani kuna mapazia mazito. Wanayafunga."

Akafikiri. Mvua imeanza kupungua, nimeanza kusikia kuku.

"Mwambie Deo asifunge," akasema, akaenda jikoni kuangalia moto.

Sitamwambia. Nitakwenda nikayafungue mwenyewe.